Irvine, UCLA, Stanford au SOAS: wapi pa kusomea taaluma za Iran, na nani analipa

Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya pwani yetu, na mjadala wa Washirazi, watu wa pwani wanaojinasibu na Uajemi, ukapata moto mpya. Asili ya Kiajemi ilionekana kweli, hasa upande wa baba, na kuchanganyika huko kulianza mnamo mwaka 1000. Kwa kijana wa historia au akiolojia wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, hapo ndipo linapozuka swali la pili: nikitaka kuijua ng'ambo ya pili ya bahari, nikasome wapi?

Wengi hukimbilia orodha za ubora wa vyuo. Kwa fani hii hazikusaidii. Taaluma za Iran ni fani ndogo, na chuo kinaweza kuwa miongoni mwa kumi bora duniani huku Kiajemi kikifundishwa na mtu mmoja wa mkataba wa mwaka hadi mwaka. Mimi naangalia mambo mawili tu: nani amekalia kigoda, na fedha za kigoda hicho zimefungwaje.

Kigoda, yaani nafasi ya uprofesa yenye jina maalumu, tunakijua. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna Kigoda cha Mwalimu Nyerere, ambacho Profesa Issa Shivji alikuwa wa kwanza kukikalia mwaka 2008. Katika vyuo vya Marekani na Uingereza, kigoda cha taaluma za Iran mara nyingi huwekwa na mtu binafsi au familia, aghalabu Wairani walioondoka kwao kabla au baada ya mapinduzi ya 1979. Miaka ya 1970 serikali ya Shah, mfalme wa Iran, yenyewe ilimwaga fedha katika vyuo vya Marekani. Shah alipoanguka mfereji ukakauka, na pengo likaja kuzibwa polepole na wahandisi, wafanyabiashara na wawekezaji wa uhamishoni.

Fedha zenyewe huwa za wakfu, na msomaji wa pwani hana haja ya maelezo marefu: ni kama shamba la minazi lililowekwa wakfu kwa msikiti, nazi huuzwa lakini mnazi haukatwi. Chuo huwekeza mtaji na kutumia asilimia 4 au 5 hivi kila mwaka. Kwa hiyo ukisikia mhisani ametoa dola milioni 2, usidhani kuna milioni 2 za kutumia. Kinachopatikana kwa mwaka ni kama dola 80,000 hadi 100,000, kiasi ambacho hakitoshi hata mshahara mzima wa profesa mkongwe wa California pamoja na marupurupu yake. Ndiyo maana katika vyuo vingi mshahara wa msingi hutoka chuoni, na mapato ya wakfu huenda kwenye utafiti, makongamano, vitabu na posho za wanafunzi. Hizo za wanafunzi ndizo za kuuliza mapema.

Aina nyingine ni fedha za matumizi: mhisani anaahidi kiasi fulani kwa miaka mitatu au mitano, zikiisha zimeisha. Programu inayoishi kwa fedha hizo inaweza kuwa changamfu sana siku unayofika na kuwa kimya kabla hujamaliza tasnifu.

Kuna pia ruzuku za serikali ya Marekani za kusomea lugha za kigeni, zile zinazojulikana kwa kifupi kama FLAS. Utaziona zimetajwa kwenye kurasa za vyuo vingi. Usizipigie hesabu: ni za raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu tu.

Irvine na UCLA

Vyuo hivi viwili ni ndugu, vyote ni vya mfumo wa Chuo Kikuu cha California, na kutoka kimoja hadi kingine ni mwendo wa gari wa saa moja hivi, foleni ikikuhurumia. Kwa kuwa viko karibu hivyo, watu huvichukulia kama kitu kimoja. Havifanani.

Irvine walianza katikati ya miaka ya 2000, pale Fariborz Maseeh, mhandisi aliyetajirika kwa teknolojia ya vifaa vidogo vya kielektroniki, alipotoa dola milioni 2 kupitia wakfu wa familia yake. Kukawekwa kigoda chenye jina la Maseeh na kituo kinachoitwa Samuel Jordan. Huyu Jordan alikuwa mmisionari wa Kimarekani aliyeongoza shule ya Alborz mjini Tehran kwa takriban miaka 40. Baadaye kikaongezwa cheo cha uprofesa kwa jina la Howard Baskerville, mwalimu kijana wa Kimarekani aliyeuawa Tabriz mwaka 1909 akipigana upande wa wanamapinduzi wa katiba, akiwa na miaka 24 tu. Nakiri nimependezwa: ni nadra kuona fedha za wahisani zikimkumbuka mwalimu wa shule.

Kigoda cha Maseeh kimekaliwa kwanza na Nasrin Rahimieh, mtu wa fasihi, kisha na Touraj Daryaee, mwanahistoria wa dola la Wasasani, waliotawala Iran kabla ya Uislamu. Zingatia mfuatano huo. Kigoda kilihama kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine na kituo hakikutetereka, ishara kwamba fedha zimefungwa kwenye nafasi, si kwenye mtu. Cha tatu ni kigoda cha Elahé Omidyar Mir-Djalali cha historia ya sanaa na akiolojia ya Iran ya kale, alichonacho Matthew Canepa. Vyeo vitatu vyenye wakfu katika fani ndogo kama hii, ndani ya chuo kilichofunguliwa mwaka 1965, ni utajiri.

Kwa mtu wa pwani yetu, Irvine ina mvuto wake mahususi. Daryaee amewahi kuandika kuhusu biashara ya Ghuba wakati wa Wasasani, na vigae vya vyungu vile vya rangi ya feruzi vinavyoitwa vya Kisasani na Kiislamu vimechimbuliwa Manda, Unguja Ukuu na kwingineko pwani. Ukimwandikia msimamizi wa namna hiyo na kumwambia umeshika vigae hivyo kwa mikono yako, una jambo ambalo mwombaji wa Boston hana.

Tatizo la Irvine, kama ni tatizo, ni kwamba kituo chenyewe si idara. Uzamivu unausoma kwenye idara ya Historia au ya Historia ya Sanaa, na utatakiwa kutimiza masharti yote ya idara hiyo pamoja na ya Iran. Kwa mtazamo wangu hilo ni jema kwako. Ukirudi nyumbani kutafuta kazi ya uhadhiri, cheti kinachosema Historia kinaeleweka. Kinachosema taaluma za Iran utakieleza kwa kila kamati.

UCLA ni habari nyingine. Huko Iran imefundishwa tangu miaka ya 1960 na inasomwa hadi uzamivu, ndani ya idara ya lugha na tamaduni za Mashariki ya Karibu. Mwaka 2017 kilianzishwa Kituo cha Pourdavoud, kwa jina la Ebrahim Pourdavoud, mwanazuoni aliyeifasiri Avesta, maandiko matakatifu ya dini ya kale ya Iran, kwa Kiajemi cha leo. Anayekiongoza ni M. Rahim Shayegan, ambaye kigoda chake kina jina la Eleanor na Jahangir Amuzegar. Amuzegar aliwahi kuwa waziri wa fedha wa Iran enzi za Shah. Hapa uti wa mgongo ni lugha: Kiajemi cha kale cha maandishi ya kabari, Kiavesta, na Kipahlavi, yaani Kiajemi cha enzi za Wasasani. Ukiingia bila hamu ya sarufi utateseka.

Mji nao unahesabika. UCLA iko Westwood, na ukitembea Westwood Boulevard unakuta maduka ya vitabu vya Kiajemi, migahawa, na tangu 2010 kibao rasmi cha mji kinachoitaja njia panda mojawapo Persian Square. Kiajemi cha kuzungumza utakipata kwenye foleni ya mkate. Upande wa pili wa shilingi ni kodi ya nyumba. Westwood ni miongoni mwa sehemu ghali za Los Angeles, na posho ya mwanafunzi wa uzamivu huisha haraka.

Sasa jambo la fedha ambalo vyuo vyote viwili havilitangazi kwa sauti kubwa. Mwanafunzi kutoka nje hutozwa nyongeza ya ada ya mtu asiye mkaazi, na hadhi hiyo haibadiliki hata ukae miaka mingapi kwa viza ya mwanafunzi. Kwenye uzamivu nyongeza hii huondolewa kwa hadi miaka mitatu baada ya kufaulu mitihani ya kuingia hatua ya utahiniwa. Kwa hiyo barua ya udahili ikija, soma mstari kwa mstari: nyongeza ya miaka ya mwanzo inalipwa na nani, idara, kituo au wewe? Idara ikisita kukujibu kwa maandishi, hilo ni jibu tosha.

Kati ya hivi viwili, kwa mwanaakiolojia au mwanahistoria wa Bahari ya Hindi nachagua Irvine. Kwa anayetaka kusoma hati na lugha za kale hadi mzizi, UCLA, wala sioni mshindani wake upande ule wa bahari.

SOAS, London

SOAS ni chuo cha masomo ya Asia na Afrika, sehemu ya Chuo Kikuu cha London. Hapa wahisani ni wa sura nyingine kabisa. Si Wairani waliokimbia mapinduzi bali Wazoroasta, wafuasi wa dini iliyokuwa ya Iran kabla ya Uislamu, pamoja na Maparsi, wazao wa Wazoroasta waliohamia India zamani. Kigoda cha Uzoroasta kina jina la ndugu wawili wa familia ya Zartoshty, na anayekikalia ni Almut Hintze. Kisha mwaka 2018 ikaanzishwa Taasisi ya Shapoorji Pallonji ya masomo ya Uzoroasta, kwa mchango wa pauni milioni 5 kutoka kampuni ya ujenzi ya Mumbai yenye jina hilo. Waliowahi kukaa Maskati wameiona kazi yake bila kujua: ndiyo iliyojenga kasri la Al Alam la Sultani Qaboos.

Wahisani hao walikuta msingi umeshawekwa. Mary Boyce, aliyefundisha SOAS hadi miaka ya 1980, alikwenda kuishi na Wazoroasta wa kijiji cha Sharifabad, mkoa wa Yazd, mwaka 1963 na 1964, akaandika dini yao kama wanavyoiishi. Sifa ya namna hiyo haijengwi kwa hundi peke yake.

Na Maparsi si wageni kwetu. Walikuwa Unguja kwa vizazi, na Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilimjua kama Freddie Mercury, alizaliwa humo mwaka 1946. Kuna tasnifu nzima katika habari za jamii hiyo, na sijui mahali pazuri pa kuiandikia kuliko SOAS, kwa sababu maktaba yake ina pia mkusanyiko mkubwa wa hati za Kiswahili, zikiwemo tenzi zilizoandikwa kwa khati ya Kiarabu. Chuo hicho kimefundisha Kiswahili kwa miongo mingi. Meza moja ya maktaba, Kiajemi mkono huu, Kiswahili mkono ule. Irvine na UCLA hawawezi kukupa hilo.

Udhaifu wake ni kwamba SOAS yenyewe imepita katika misukosuko ya fedha, ya mwaka 2020 ikiwa kubwa, na wakfu wake umeelemea dini ya kale. Ukitaka Iran ya Wasafawi, watawala wa karne ya 16 hadi 18, au siasa za leo, uliza kwa makini nani bado yupo na nani amestaafu.

Faida yake nyingine ni uzamili wa mwaka mmoja unaoweza kulipiwa na Chevening, udhamini wa serikali ya Uingereza, au, kwa Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda, udhamini wa Jumuiya ya Madola. Chevening inataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na ukimaliza urudi nyumbani ukae miaka miwili. Watu hulalamikia sharti la pili. Kwa mwanaakiolojia ambaye eneo lake la kazi ni Kilwa, sharti gani hilo?

Stanford, Princeton na Toronto kwa ufupi

Stanford kuna Programu ya Hamid na Christina Moghadam, iliyo chini ya Abbas Milani tangu kuanzishwa kwake. Moghadam ni mwanzilishi mwenza wa Prologis, kampuni kubwa ya maghala, na alisoma Stanford. Programu ina nguvu katika siasa za karne ya 20 na katika utamaduni: mwandishi wa tamthilia na mwongozaji filamu Bahram Beyzaie alifundisha huko tangu 2010, kwa fedha za mhisani mwingine, Bita Daryabari. Mihadhara ya hadhara ya programu hii ni ya kutamanika. Ila kwa mwombaji wa uzamivu si mahali pa kuombea udahili. Unaomba idara ya Historia au Sayansi ya Siasa, unashindana na dunia nzima, halafu Iran inakuja kama nyongeza. Jambo jingine linalonitia mashaka ni pale sifa ya programu na sifa ya mkurugenzi zinapokuwa kitu kimoja kwa takriban miaka 20. Uliza kuhusu mrithi.

Princeton wana kituo cha Sharmin na Bijan Mossavar-Rahmani, ambacho kinaunganisha Iran na Ghuba yote. Anayeandika kuhusu Oman, Bandar Abbas na Zanzibar kwa pamoja akifikirie. Uzuri wake mkubwa ni kwamba Princeton hulipia wanafunzi wake wote wa uzamivu, uwe wa nchi gani. Ubaya ni kwamba wanachukua wachache mno.

Toronto wana taasisi yenye jina la Elahé Omidyar Mir-Djalali, mama wa mwanzilishi wa eBay na mwanaisimu mwenyewe. Wakfu wake, Roshan, umefadhili pia Maryland, Arizona na vyuo vingine. Iran ya kisasa ndiyo nguvu yao, na kwa anayehofia viza ya Marekani, Kanada ni mlango mwingine.

Mhisani anaponuna

Columbia, New York, inastahili kutajwa kwa sababu moja. Ehsan Yarshater alipewa kigoda cha Hagop Kevorkian huko mwaka 1961, akaanzisha kituo cha taaluma za Iran mwaka 1968, na kuanzia miaka ya 1970 akajenga Encyclopaedia Iranica, kamusi elezo ambayo hakuna anayesoma Iran asiyeitumia. Mtu huyohuyo alikuwa mhariri, mkusanyaji wa michango na mlezi wa wakfu wa kuitegemeza. Alifariki Septemba 2018. Haukupita muda, chuo na wakfu wakafikishana mahakamani kugombea mali ya kazi ile ni ya nani. Wasomi wakubwa pande zote mbili, na kati yao wahariri waliokuwa wakingoja kujua mwajiri wao ni yupi. Unapoona programu ambayo kila kitu kinapita kwa mzee mmoja anayeheshimika, kumbuka kisa hiki na uulize nyaraka zinasemaje.

Kisa kingine ni cha Alavi Foundation, wakfu ulioanzishwa mwaka 1973 kwa jina la Shah na kubadilishwa jina baada ya mapinduzi. Ulimiliki sehemu kubwa ya jengo la ghorofa 36 katika barabara ya Fifth Avenue, New York, na kodi ya jengo hilo ilifadhili masomo ya Kiajemi na Uislamu katika vyuo kadhaa. Mwaka 2009 serikali ya Marekani ikataka kulitaifisha kwa madai kwamba nyuma yake kuna serikali ya Iran. Baraza la wazee wa mahakama likaamua dhidi ya wakfu huo mwaka 2017, rufaa ikaitengua hukumu mwaka 2019. Vyuo vilivyopokea havikushtakiwa, lakini jiulize posho yako ingekuwa wapi katika miaka hiyo kumi.

Wapo pia wanaoniuliza kuhusu ufadhili wa Iran yenyewe, hasa Chuo cha Al-Mustafa ambacho kina tawi Dar es Salaam na kimepeleka wanafunzi wengi Qom. Kiajemi utakijua, na utakijua vizuri kuliko aliyekisomea darasani California. Lakini kujua gharama yake ni haki yako: Desemba 2020 Marekani ilikiwekea chuo hicho vikwazo, na cheti chake kinaweza kukuletea maswali ubalozini miaka mingi baadaye. Kwa anayetaka lugha tu kabla ya kuomba kwingine, Kituo cha Utamaduni cha Iran jijini Dar es Salaam kinatosha kuanzia.

Na hilo la ubalozi limekuwa zito. Juni 2025 Marekani iliwawekea Warundi vizuizi vya viza, za wanafunzi zikiwemo, na Desemba mwaka huohuo Tanzania ikaingia katika orodha iliyopanuliwa. Kabla hujalipa ada ya maombi, angalia hali ya nchi yako wiki hiyohiyo. Kwa Mkenya njia ya California bado ina mantiki. Kwa Mtanzania wa sasa, London na Toronto zinatangulia.

Ukiwaandikia walimu, usiulize ubora wa programu, kila mmoja atausifia. Uliza Kiajemi cha mwaka wa tatu kinafundishwa na nani na mkataba wake ni wa muda gani, maana wahisani hupenda kuandika majina yao kwenye vigoda na mwalimu wa lugha huachiwa makombo. Uliza wanafunzi wangapi wa uzamivu wanalipwa na mapato ya wakfu mwaka huu. Uliza kama mhisani ana kiti kwenye kamati ya kuajiri. Jibu sahihi ni hapana.

Ningekuwa na shahada ya kwanza ya akiolojia leo na umri chini ya miaka 30, ningeomba Chevening, ambayo kwa kawaida hufunguliwa Agosti, nikasome uzamili SOAS. Ningerudi nitimize ile miaka miwili nikichimba Unguja Ukuu au Kilwa, nikisukuma Kiajemi jioni. Kisha Desemba ya mwaka wa pili, viza ikiruhusu, ningetuma maombi ya uzamivu Irvine, idara ya Historia, na Princeton kwa kubahatisha.